Mizani

Chuma ni cha springi ya lori la karafuu
lililokufa Konde, mwaka ule wa mvua nyingi.
Fundi Shaame alinikatia kipande kwa elfu nane,
akaniuliza: jembe?
Nikasema upanga.
Akaacha kuvukuta, aniangalie vizuri.

Mimi ni msoma mita za maji, Wete.
Mchana napokea matusi ya watu ambao mifereji yao imekauka.
Jioni, nyuma ya jiko, nina jiliwa, tupa tatu
na upanga wa ubao wa mfenesi, wa kujifunzia.

Ule wa kwanza wa chuma tuliuchovya
kwenye debe la mafuta ya nazi;
mtaa mzima ukanukia wali.
Ulikuwa mzuri wa kutazama.
Bikombo aliunyanyua kama anyanyuavyo mwiko wa shughuli,
akauzungusha mara mbili, akaurudisha.
"Unavuta mbele," alisema, "kama punda aliyeona maji."
Hakuongeza neno. Alikuwa na bajia motoni.

Nikapiga tupa miezi minne.
Nikachimba mfuo katikati ya bapa,
nikaupunguza mgongo kuelekea nchani.
Vumbi la chuma likahamia kwenye kucha,
nikawa nalisugua kwa ndimu kabla ya udhu.

Sheha alikuja, na kofia ya Ijumaa siku ya Jumanne.
"Masoudi, wa kumpiga nani?"
Nikamwonyesha makali: hakuna.
Ukingo nimeuacha mnene kama wa sarafu.
Akapitisha kidole, akacheka,
akaaga,
akarudi kuomba aushike tena.

Marehemu baba alitunga mashairi ya harusi,
akihesabu kwa vidole juu ya goti: nane, na nane.
Mstari ukizidi silabi moja, alitema mate.
Mimi sikuweza. Kila neno langu lilikuwa na mguu wa ziada.
Sasa naweka bapa juu ya kidole
natafuta pale pale alipokuwa akivuta pumzi,
kati ya ukwapi na utao.

Kikabaki kichwa cha mpini.
Nilijaribu risasi za nyavu: nzito mno.
Nati ya bomba: nyepesi.
Mwisho, kufuli la shaba la nyumba ya Mtambwe,
nyumba tuliyoiuza; kufuli hakuna aliyelitaka,
ufunguo sijui uko wapi.
Shaame akaliyeyusha. Nikalila kwa tupa, punje kwa punje.

Jana usiku, umeme umekatika,
vidole vinne kutoka kwenye kikingio,
upanga ukatulia.
Nikamwita Bikombo. Akaja na unga mikononi,
akaupokea kwa kidole kimoja.

Haukuinama mbele, wala kurejea nyuma.

Akasimama nao gizani, kimya,
mpaka bajia zikaungua.