Hesabu ya Shuka

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja.
Huyu ashike pembe mbili, yule mbili,
mlivute likaze, mlikung'ute mvuke utoke,
kisha mwendeane, hatua nne,
mpaka ncha zikutane na vidole vipokezane.
Ndivyo kazi ilivyo. Hapa Klaipėda,
chini ya wodi ya wazazi, chumba kisicho na dirisha,
tunakunja mia nane kwa siku.

Basi Vaiva aliponiuliza,
"Danguolė, Rimvydas akipokea pembe za shuka,
mbona vidole vyake huchelewa kuondoka?"
nilicheka.
Nilimwambia, msimamizi ana mikono mizito.
Nilimwambia, mwanangu, ukitaka kuona mabaya
panda ghorofa ya tatu, wanakofia watu.
Nilimwambia, alikushika wapi? Kidole?
Kidole nacho kina mwenyewe?

Hakunijibu. Alianza kuhesabu.

Kwa Liucija, sekunde mbili.
Kwangu, mbili, na siku mgongo ukiniuma, tatu.
Kwa kijana wa mashine ya kukaushia, mwenye haya, hata moja haitimii.
Kwa Rimvydas, tisa.
Jumanne tisa. Alhamisi kumi na moja,
na neno juu yake, kuhusu rangi ya sidiria
inavyojitokeza sare ikilowa.
Aliandika yote nyuma ya risiti za sabuni,
kwa penseli, bila kumtukana mtu,
kama muuguzi anavyoandika homa.

Mimi nilitaka jambo lenye sura ya jambo:
nguo iliyochanika, kelele, mlango uliofungwa kwa ndani.
Bila hayo nilikuwa na majina mengine,
utani, mazoea, uchangamfu,
na lile tulilombatiza sote: Ndivyo Alivyo.
Alijua kutuchekesha, jamani.
Sikukuu ya jina langu aliniletea keki ya asali.

Lakini tisa ni tisa.
Usiku ule, kitandani, nilishika pembe ya blanketi langu
nikahesabu polepole, kama mtu anayeshikwa.
Nilifika tano nikawasha taa.

Hapo ndipo nilipokikumbuka kidevu changu.

Miaka kumi na mmoja nakunja shuka peke yangu.
Nabana upindo kwa kidevu, natanua mikono,
naligeuza, naliangusha kifuani, limekwisha.
Wageni huja kutazama. Liucija husema, ufundi huo!
Nami nilijisifu. Niliwafundisha wasichana watatu,
na wote watatu wakaacha kazi.
Sikuwahi kujiuliza nilijifunza lini.
Nilijifunza majira ya baridi yale
Rimvydas alipopandishwa cheo
akaanza kuja upande wa pili wa shuka langu.

Ijumaa akashuka mama wa utawala, na fomu.
Mpole, mwenye haraka.
"Tendo lenyewe ni lipi? Mistari mitatu inatosha."
Vaiva akampa risiti za sabuni.
Akazigeuza, akazigeuza tena.
"Sekunde," alisema, "si tendo."

Nikainuka. Nikatoa shuka kwenye rundo,
bado lina joto, nikampa pembe mbili.
"Shika, bibie."
Nikarudi nyuma. Tukalivuta likakaza.
Nikamwendea, hatua nne,
nikalaza vidole vyangu juu ya vyake,
nikamtazama usoni kwa tabasamu la Rimvydas,
nalijua lilivyo, meno hayaonekani,
nikahesabu kwa sauti.

Kwenye nne alijaribu kutoa mkono.

Kwenye sita alisema, "Basi. Tafadhali."
Nikamwachia.

Nyuma yangu Vaiva, midomo tu ikicheza,
aliendelea: saba,
nane