Kifundo cha Kushoto

Keti, Vaidotas. Weka mguu hapa pajani pangu,
kama kawaida. Plasta ninayo, mkasi ninao,
na saa ya ukutani ingali imekwama saa tatu kasoro;
hakuna aliyeigusa tangu ulipoondoka Telšiai.

Mara ya kwanza ulikuwa na miaka kumi na sita,
mrefu hadi ukawa unainamia milango
hata ile isiyokufikia.
Mama yako alikuleta kwa basi kutoka Plungė,
ana mfuko wa tufaha na haya nyingi,
akaniambia: huyu ni mifupa tu, mengine mtajaza ninyi.
Viatu vilikuwa vya kaka yako.
Ulivipasua mbele ili vidole vipumue.

Kwenu kikapu kilikuwa pete ya pipa
iliyopigiliwa ukutani mwa zizi,
imelalia upande. Ndiyo maana hadi leo
mtupo wako huenda kushoto kidogo.
Makocha tisa wamejaribu kuunyoosha.
Mimi nilijua: unalenga zizi.

Mwaka ule jina lako lilisikika kwamba liko Marekani,
mkiani mwa orodha. Mji mzima ulikesha.
Halikuitwa.
Baba yako alizima televisheni akaenda kukamua.
Ng'ombe hawangoji orodha.

Tulia, usitikise.
Hapa, chini ya gumba langu, ni Liepāja,
mshahara wa kwanza: ulitua juu ya kiatu cha mtu.
Uvimbe huu usioshuka ni Samsun,
ulikokuwa mgeni siku mbili, ya tatu wakakupa jembe,
dakika thelathini na nane kila mchezo,
na pesa za Januari zikafika Mei, tena nusu.
Słupsk ni sindano. Uliniambia mbili. Naona tatu.
Na kovu hili refu ni Oradea, walikokupasua,
ambako Rasa alisema chagua,
nawe ukasema msimu mmoja tu,
ikawa minne.

Kuna usiku ambao hapa mjini hatuutaji.
Sekunde nne, pointi moja nyuma, mitupo huru miwili.
Ukumbi ulinyamaza hadi nikasikia
friji ya muuza soda ikinguruma.
Wa kwanza ulizunguka pete, ukatoka.
Wa pili sikuuona. Nilikuwa naangalia kiatu changu.
Muuza samaki alikunyima salamu hadi Pasaka,
na kabla majani hayajachipua ulikuwa umeshaondoka.
Walisema umekimbia.
Mimi nilifua soksi ulizosahau,
nikazitia kwenye droo ya bendeji.
Zimo. Fungua uone.

Leo una thelathini na minane.
Vijana wanakupisha kwenye ngazi,
kocha umemzidi miaka mitatu,
na mguu huu unajua mvua kabla ya redio.
Haya, nimemaliza. Si sana, si kidogo. Nenda.

*

Dakika kumi na moja. Ribaundi tano, pointi mbili,
na kosa moja la kijinga ulilolifanya makusudi
ili mwamuzi amsahau yule mtoto, namba saba,
aliyekuwa ameanza kutukana.
Walisimama wakapiga makofi. Hata muuza samaki,
ingawa yeye alikaa wa kwanza.

Sasa nakata plasta kutoka juu, polepole.
Inaondoka na nywele; hulalamiki.
Ngozi chini yake ni nyeupe, imekunjamana,
kama ya mtoto aliyekaa majini mno.
Umeyafinyanga mabaki yakawa donge,
umefumba jicho moja, umelitupa
kwenye pipa la taka pale pembeni.

Likagonga ukingo. Kushoto.
Likaanguka.

Tukatazamana.
Ukainuka, mguu mtupu, unachechemea,
ukaliokota, ukalitumbukiza kwa mkono.
“Hilo lihesabu, Stasė,” ukasema.

Nimelihesabu.