Lebo Inayoshika

Siku mbili umeme ulikatika,
mazutu ya jenereta yakaisha usiku wa kwanza,
na Jumatatu tulipofungua friza, pale Nyawera,
damu ilikuwa bado damu, nusu barafu,
lakini majina yalikuwa yamelala chini.

Nilizoa lebo arobaini na moja kwa kiganja.
Karatasi tu. Gundi imelowa, imekauka, imekufa.
Rafuni, vichupa arobaini na kimoja,
uchi.

Muganga Cishugi hakupaza sauti.
Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti,
akaivaa, akaivua tena.
"Nsimire," akasema, "tafuta kitu kinachoshika."

Basi nikawa mtu wa lebo.
Nilipanda Kadutu nikanunua kila kinachonata:
skochi ya kahawia, sparadra ya vidonda,
vikaratasi vya bei wanavyobandika kwenye soli za viatu,
hata kiraka cha mpira wa baiskeli.
Muuzaji akauliza, mama, unabandika nini?
Nikamwambia: watu.
Akanipunguzia faranga mia mbili.

Nilivivika vichupa vya maji matupu,
kila kimoja na vazi lake,
nikavishusha themanini chini ya sifuri, majuma matatu.
Nikivitoa, nikivirudisha,
nikivisugua kwa alkoholi
kama shingo ya mtoto asubuhi ya misa.

Skochi ilipasuka kama ganda la yai.
Sparadra ilishika, ila ilikunywa maji ikavimba,
na wino wa biki ukawa wingu la buluu.
Kalamu nene, ile iliyoandikwa ubavuni kwamba haifutiki,
ilifutika kwa pamba moja.
Penseli haikusema neno.
Penseli ya mwanangu, iliyotafunwa kichwa,
ilibaki na herufi zake zote.

Na gundi, nimeijua tabia yake:
haipendi kukutana na kitu kwenye baridi.
Koti huvaliwa kabla ya mvua.
Chupa iwe kavu, iwe na joto la mkono,
na lebo iwe ndefu, izunguke
hadi mkia wake ulale juu ya kichwa chake;
maana plastiki humwachilia yeyote,
lakini lebo iliyojishika yenyewe haijiachi.

Jioni moja, kwenye kizuizi karibu na daraja la Ruzizi,
askari aliitaka kadi yangu ya mpiga kura.
Akaigeuza, akaielekeza kwenye taa ya lori.
Mwaka mmoja tu mfukoni, na sura yangu imeshaondoka.
Limebaki sikio, na *Nsi*.
"Huyu ni nani?"
Nilitaka kumjibu: walinibandika kwenye baridi.
Nikatoa mia tano.
Akaniruhusu kuitwa ninavyoitwa.

Roli ya lebo za kweli ilifika kwa dola sitini.
Muganga alitia sahihi huku anahesabu mazutu kwa midomo.
Nyeupe, nyembamba, zinang'ata kidole.

Alisema nianze na damu ya leo, yenye wenyewe,
na vile vya rafu ya chini nivitupe.
Nilisema ndiyo.
Kisha nikachukua vichupa vikubwa arobaini na kimoja,
vitupu, vikavu, nikavipasha kiganjani kimoja kimoja,
nikavizungushia lebo bora kuliko zote za nyumba ile,
nikaandika kwa penseli: Mtu 1. Mtu 2. Mtu 3.
Ndani ya kila kimoja nikaingiza mmoja wa wale waliopotea,
nikafunga.

Mtu 17 ana damu nyepesi.
Mtu 30 ana kifuniko chekundu;
nadhani ndiye yule mama wa kitenge cha kasuku
aliyeuliza mara tatu majibu yatatoka lini.
Nadhani tu. Kudhani hakuandikwi.

Atarudi Alhamisi.
Nitamwambia ukweli, atanuna, atanipa mkono wake tena,
na safari hii, kabla ya sindano,
nitamwomba jina.