Kati ya F na S

Barua zililetwa saa nne, chai ingali kwenye birika,
kila mtu bahasha yake.
Musundi wa mitamboni aliichana yake kwa meno
maana mikono ilikuwa na wino.
Mimi niliisoma yangu kama nisomavyo kila kitu,
mara ya kwanza kwa macho, ya pili kwa kidole.
Kwa Bi. Namalwa. Kufuatia hali ya soko,
tunasikitika kukuarifu kuwa nafsi yako
katika kampuni hii haipo tena.

Nafsi.

Miaka kumi na minne kwenye jengo hili la Lunga Lunga,
nikisahihisha vitabu vya darasa la nne,
na barua ya kunifuta kazi
imekosewa.

Nilicheka. Kisha magoti yakaanza.

Usiku, Umoja, saa tisa,
woga uliingia bila hodi, kama mtu wa nyumbani.
Ukapitia kodi, ukapitia tokeni za stima,
karo ya Wabwile, zamu yangu ya chama,
dawa ya sukari ya mama kule Malakisi,
ukakaa ukingoni mwa kitanda
ukaanza kuhesabu upya.

Woga wako ndio umaskini wako.
Nimeisahihisha methali hii sijui mara ngapi,
ukurasa wa tisini, chini ya picha ya sungura,
wala sikuwahi kuitilia alama ya kuuliza.
Usiku ule niliitilia.
Maana nilikuwa nikilipwa nini, kama si kuogopa?
Kuogopa ndoa isichapwe ndoo,
kuogopa koma iliyotoroka,
kumwogopea mtoto wa Lodwar
atakayeamini kitabu kwa kuwa ni kitabu.
Ufundi wangu wote ndio huo: woga wenye mshahara.
Sasa mshahara umekwenda, woga umebaki,
unarandaranda chumbani
kama bawabu ambaye hakuna aliyekumbuka kumwambia
kiwanda kimefungwa.

Nikauambia: haya, kaa.
Lakini shika kalamu.

Jumatatu sikutoka. Jumanne nilifua hata mapazia safi.
Alhamisi ndipo nilipokwenda Nyamakima,
kwenye ngazi zisizo na taa, ambako mashine
hutema kadi za harusi, kalenda, vijitabu vya mazishi.
Wa kwanza alisema, Mama, kompyuta inasahihisha.
Wa pili hakuinua kichwa.
Wa tatu, kijana anaitwa Gathogo,
alikuwa na nakala mia tatu za kuchukuliwa adhuhuri,
jeneza liko njiani,
hakuwa na wakati wa kunifukuza.
Nikasoma nimesimama nyuma ya bega lake, kwa kidole.
Hapa, nikamwambia, marehemu amekufa kabla ya kuzaliwa.
Na hapa mjane ameandikwa majani.

Gathogo alizima mashine.
Nikasikia, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, magari ya nje.
Alinipa mia mbili, na kiti.
Kiti ndicho nilichokishukuru zaidi.

Mia mbili si mshahara. Siandiki haya kwamba nimevuka.
Musundi hapokei simu.
Muhula wa tatu unakuja na karo yake
na siku nyingine Nyamakima hakuna aliyekufa,
yaani hakuna aliyekufa wa kuchapiwa kijitabu,
nami hujishika nikisikitika kwa hilo, nikaona haya.
Saa tisa woga bado unakuja.
Siufukuzi. Naupa kurasa,
na una macho makali, sikatai,
juzi umekamata jina la mtoto wa mwisho
lililosahauliwa katika orodha ya walioachwa.

Barua ninayo. Nimeibandika ndani ya mlango wa kabati.
Kati ya f na s nimechora kijishale chekundu,
juu yake nikaandika a, ndogo, safi,
kama nilivyofundishwa.
Nafasi. Nafasi ndiyo haipo tena.

Chini kabisa, juu ya nukta nukta, wameandika:
tia sahihi hapa.
Sikutia sahihi.
Nilisahihisha.