Mzunguko wa Tatu, Thimlich Ohinga

Daftarini mgeni mmoja tu:
Mal-sun, miaka sabini na miwili.
Mlangoni nikamwambia, inama, mama.
Waliojenga walitaka adui atangulize kichwa.
Akacheka, akainama
kama aliyewahi kuuinamia mlango huu.

Kwao, alisema, ngome iko ufukweni,
maadui walikuja na maji ya chumvi.
Hapa walikuja na nini?
Na uchu wa ng'ombe, nikajibu. Na usiku.
Ziwa liko mbali, hata harufu yake haifiki.

Akatafuta saruji kwa kucha.
Hakuna. Jiwe limekaa juu ya jiwe
kwa uzito wake, na kwa adabu.

Kisha akaokota moja
lililoporomoshwa na mvua ya juzi,
akajitwika, mikono chini,
akaanza kuuzunguka ukuta.
Ndivyo wanawake wa kwao wafanyavyo:
mzunguko wa kwanza ni wa miguu isiugue,
wa pili wa umri mrefu,
wa tatu ni wa kufunguliwa mbingu.

USIGUSE MAWE, kibao kinasema.
Mimi ndiye niliyekiandika.
Lakini ile shingo! Shingo ya nyanya yangu Awuor
akipanda kutoka mtoni.
Nikanyamaza.

Wa tatu hakuumaliza. Goti.
Akaketi kivulini, akanipa jiwe,
bado lina joto la nywele zake.

Nikatazama huku na huku.
Mbuzi wa Odoyo, basi.
Nikajitwika,
nikammalizia.