Yah: Utoro

Naandika kila muhula, mkono ule ule,
na muhuri ule ule unaovuja wino pembeni kama jipu.
Kwa mzazi/mlezi wa mwanafunzi, nukta nukta nukta.
Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Yah: Mahindi debe moja, maharage kilo sita.
Yah: Mchango wa mlinzi.
Yah: Ndoo za maji, kwa kuwa bomba limekauka tena,
na sisi Newala tuko juu, maji yako chini,
na katikati ni magoti ya watoto.
(Hiyo ya magoti niliifuta. Mkuu wa shule hapendi mbwembwe.)
Yah: Jando na unyago viishe kabla shule haijafunguliwa;
mwaka jana kidato cha pili waliripoti na vipara vipya,
nyuma kwa wiki mbili za hesabu.

Kisha Oktoba, korosho zikaanza kudondoka
na daftari la mahudhurio likaanza kutoboka.
Kidato cha kwanza B: arobaini na nane. Thelathini na mmoja.
Siku ya mnada, ishirini na wawili.
Nikaandika, Yah: Utoro.
Nikadurufu mpaka wino wa mashine ukafifia;
nakala za mwisho zilisomeka kama mtu anayenong'ona.

Alhamisi akaja Binti Mkopi,
bibi yake Chande Likwata,
barua kaifunga pindoni mwa kanga pamoja na noti ya elfu mbili.
Akakaa kwenye benchi, akapumua kwanza.
"Mwalimu, nimekuja kwa ajili ya huyu Yahaya."

Yahaya yupi, bibi?

"Wa kwenye barua. Mjukuu wangu hunisomea zote.
Mwaka mzima Yahaya, Yahaya.
Yahaya hajaleta mahindi. Yahaya hana ndoo.
Yahaya hajamlipa mlinzi.
Na sasa Yahaya mtoro, siku kumi na tisa.
Nikamuuliza Chande, kwani mtoto huyu hana kwao?
Akanyamaza. Nikajua hana.
Shika hii, muwekee. Na msimchape.
Anayeokota korosho za watu kwa kilo
si mtoro, mwalimu. Ana njaa
na anajua pa kuipeleka."

Nikaitazama barua. Y, a, h, nukta pacha.
Miaka kumi na minne ya kazi
sikuwahi kuona jina pale.

Nje ya dirisha Chande alikuwa amesimama
anajifanya kusoma ubao wa matangazo,
tangazo la chanjo, la mwezi wa tano.
Sikio lake moja lilikuwa ofisini.

Nimehudhuria semina za uongozi, Mtwara mjini,
siku tano, posho na chai ya saa nne.
Hakuna mada iliyohusu hili.
Ningeweza kufungua daftari,
kumwekea kidole chake kwenye mstari wa kumi na saba,
sifuri baada ya sifuri.
Nikasema, kwa sauti ya kuvuka dirisha:
Chande amwambie Yahaya aje Jumatatu.
Fimbo hakuna.
Mahindi yake tutaongea baada ya mnada wa pili.

Nikamrudishia noti. Akanirudishia.
Nikamrudishia. Akaiweka chini ya muhuri,
akaondoka nayo ikiwa imeshapata wino.

Jumatatu niliita majina mwenyewe.
Likwata?
Kimya. Mtu akakohoa nyuma.
"Yupo, mwalimu."
Si nipo. Yupo.
Nikatia alama, sikuinua macho.

Leo naandika nyingine, ya kufunga shule.
Kwa mara ya kwanza nimeandika neno zima, Yahusu,
ili lisomeke, lisizae watu.
Nimelitazama. Nimelikata.
Nimerudisha Yah na nukta zake mbili,
maana Binti Mkopi atapanda tena kuniuliza
yule mtoto tumemhamishia wapi.