Maiti Anayejigeuza

Ndani ya friji la soda lililokufa zamani,
mlango wa kioo, matundu nimeyatoboa kwa msumari wa moto,
anaishi nyoka wangu, mla mayai.
Hana jino. Hana sumu. Mgongoni ana ukili
ulioshonwa na mtu mwenye haraka.
Watoto wa Limbani humwita Karani,
kwa kuwa humeza yai zima, kimya,
kisha hutema ganda limekunjwa
kama bahasha iliyokwisha somwa.

Ukali wake nilidhani naujua.
Ukimsogelea hujiviringa pete ndani ya pete,
magamba yakasagana mbavuni
ukasikia mafuta ya moto yakipokea vitumbua.
Bimize wa jirani akisikia hutupa chumvi kizingitini.
Mimi nilikuwa nikicheka. Makelele ya asiye na kitu.

Mwezi ule umeme ulikatika siku nne, Wete nzima giza.
Usiku wa tatu niliingia karakana, tochi mdomoni,
mayai mawili ya njiwa ndani ya kofia.
Nikamkuta chali.
Tumbo jeupe juu, kinywa wazi,
ulimi umeangukia upande kama uzi uliochomoka.
Inna lillahi, nikasema, kwa nyoka.
Nikatafuta kipande cha gunia, kisha
sijui kwa nini, labda heshima tu,
nikamgeuza alale kifudifudi kama nyoka wenzake.
Akajigeuza chali.
Nikamgeuza.
Akajigeuza, upesi, kama mtu aliyevutiwa shuka.

Tochi ikanidondoka kwa kicheko.
Maiti gani huyu, achaguaye ubavu wa kulalia?

Tangu hapo naandika, katika daftari la madeni ya redio,
nyuma, baada ya majina ya wasiolipa:
Jumatatu. Faki kaja na pasi yake mbovu. Nyoka mzima.
Jumatano. Watoto kumi na mmoja, mmoja kagonga kioo. Kasaga magamba. Mzima.
Alhamisi. Mimi. Kafa.
Ijumaa, baada ya sala. Mimi. Kafa.
Jumamosi nimejibanza nje, jicho kwenye ufa wa mlango:
anatembea, anaonja hewa,
analizunguka yai kama mwenye nyumba.
Nikakohoa.
Kafa.

Nikamuuliza Shaame, aliyeniletea
kutoka kwenye mikarafuu ya Kinyasini.
Akasema wa kabila hii hawafi hivyo, kwao ni kusaga tu.
"Labda kuna aliyemfunza."
Akachukua feni yake, akaenda zake, hakulipa.

Lakini yai naleta mimi.
Maji nabadilisha mimi, kioo nafuta mimi,
na hata gamba lake alipojivua
nililikusanya kwa ncha za vidole, nikalihifadhi ndani ya Msahafu
mpaka mke wangu akaliona, akalitoa, akaninyamazia siku mbili.
Katika Wete yote
ni mkono huu mmoja anaoufia.

Usiku ule nilichelewa.
Mboja alikuwa amelala upande wa ukuta,
uso kwenye chokaa, goti limekunjwa.
Nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikavua saa.
Pumzi zake zilikuwa sawa,
sawa mno, sawa kuliko za mtu aliyelala.

Aliyelala usimwamshe, walisema wahenga.
Juu ya aliye macho hawakuacha neno.

Mkono wangu ulikuwa umeshalikaribia bega lake.
Ulinuka yai.
Nikaurudisha.
Nikatoka kwa ncha za vidole,
mlango nikauacha wazi kiasi cha kiganja,
nikakaa barazani na mbu.

Baadaye sana nikasikia kitanda kikilia,
mtu akigeuka, akikohoa kidogo,
na maji yakimiminwa kikombeni.